Soksi za Mashua

"Shuka! Nasema shuka kwenye chombo cha watu, kabla sijapanda kukushusha mwenyewe!"

"Nashuka, shemeji. Niache nimalize hii moja."

"Shemeji yako nani? Ushemeji wetu ulizama na mwenye chombo! Weka hicho kisu chini!"

Jua lilikuwa halijafika hata kwenye mabati, na tayari uchochoro mzima ulikuwa macho. Mama Sindano alisimama uani kwake na ndala moja mguuni. Ya pili kaishika mkononi kama mtu anayemngoja mende atoke. Mbele yake ilikuwa mashua ya tanga, imeegemezwa kwa magogo katikati ya ua, mlingoti wake ukipita juu ya paa. Na juu ya mashua, fundi jirani alikuwa amepiga goti pembeni ya waya mmoja wa mlingoti, kisu kikifanya kazi. Chini, kwenye saruji, vipande vya ngozi nyeusi vilikuwa vimetapakaa kama maganda ya ndizi.

Vipande hivyo ndivyo vilivyokuwa soksi. Ndivyo walivyoziita pale mtaani: soksi za mashua. Mama Sindano, ambaye maisha yake yote alikuwa mshonaji wa matanga na maturubai, alikuwa amezishona kwa mkono wake, moja baada ya nyingine, kuzivika miguu ya nyaya zinazoshikilia mlingoti, ili maji ya chumvi yasivile vyuma. Na huyu bwana alikuwa karuka ukuta alfajiri, kama mwizi wa kuku, akaanza kuzichana.

"Afadhali mwizi!" Mama Sindano alisema, na sauti ilifika ghorofani. "Mwizi ana akili, anachukua kitu akakiuze. Wewe unakuja kuharibu tu! Nimekukosea nini zaidi ya kukunyamazia?"

"Usiivike tena, shemeji." Fundi alikuwa mtu wa sauti ndogo, ukitaka kumsikia ilibidi wewe unyamaze kwanza, na asubuhi ile hakuna aliyenuia kunyamaza. "Acha vyuma vikae wazi. Nakuomba."

"Vikae wazi viliwe? Kama vile ulivyoviacha vikaliwa?"

Hapo fundi alikikunja kisu.

Kwenye roshani ya nyumba ya mbele, mwanamke waliyembandika jina la Redio alikuwa akikamua nguo. Shati lile lile alilikamua mpaka likaomba msamaha, macho yote uani. "Jamani, njooni!" akawaita walio ndani kwake. "Kutu leo kapatikana juu ya mashua ya mjane!"

Kutu ndilo jina alilobaki nalo fundi. Zamani aliitwa Ng'arisha, kwa sababu chuma kilichopita mikononi mwake ungeweza kukitazamia nywele. Lakini jina jema ni kama nguo nyeupe, haliishi siku nyingi kwenye kamba ya uchochoroni.

Mkewe, Mama Pacha, aliingia kwa mlango, hakupitia ukutani. Mikono yake ilikuwa na povu la sabuni hadi kwenye viwiko. Hakumtazama mtu isipokuwa mumewe.

"Baba Pacha, shuka."

Fundi akashuka ngazi taratibu.

"Sasa mwambie," Mama Pacha alisema. "Mwambie leo, au nitamwambia mimi."

"Twende nyumbani, mama watoto."

"Aniambie nini?" Mama Sindano akadakia. "Ana la kuniambia huyu? Wahenga walishasema kikulacho ki nguoni mwako. Changu mimi kilikuwa ukutani kwangu, kinaingia na kutoka, kinakunywa chai yangu!"

Mama Pacha alimgeukia. Alifungua mdomo, mumewe akamgusa bega, akaufunga. Kisha akasema maneno machache tu: "Siku utakayoujua ukweli, dada, ulimi huo utakosa pa kuuweka." Wakatoka wote wawili, mume nyuma, mke mbele, na Redio akalitundika shati lake kwa huzuni ya mtu ambaye filamu imemkatikia katikati.

*

Ukitaka kuelewa hasira ile, ni lazima umjue marehemu.

Alikuwa mtu wa maji, mcheshi, mwenye kicheko kinachotangulia mlangoni kabla yake. Mashua aliijenga pamoja na fundi jirani, Ng'arisha wa wakati ule, kwenye ua huo huo. Marehemu alishika mbao, fundi akashika vyuma, Mama Sindano akashika tanga. Watatu hao walikuwa kama mafiga. Jioni ungewakuta wameketi kwenye benchi moja, wakibishana kuhusu skrubu kama watu wengine wanavyobishana kuhusu mpira.

Fundi alikuwa na maneno yake. Alisema bahari haina haraka, ina njaa tu. Alisema alumini na chuma ni wake wenza: ukiwalaza kitanda kimoja bila kuwawekea kitenganishi, mmoja atamla mwenzake. Kwa hiyo kila skrubu aliyoifunga kwenye mlingoti aliivalisha kwanza pete ya plastiki. Chini ya mashua alifunga bonge la zinki, akamwonya marehemu asithubutu kulipaka rangi. "Hilo limewekwa pale liliwe," alisema. "Bahari ikishiba zinki, itaviacha vingine." Na kila chombo kiliporudi kutoka majini, fundi alikuwa pale na mpira wa maji ya bomba, anasuuza chuma kimoja kimoja, na baadaye anakifuta kama anamfuta mtoto makamasi.

Mama Sindano alimwona anavyohangaika. Naye ana mikono. Mshonaji akiona kitu kinapigwa na jua, chumvi na upepo, anajua dawa moja: kukifunika. Tanga linafunikwa, mota inafunikwa, kiti cha nahodha kinafunikwa. Kwa nini waya uachwe? Akachukua ngozi ya bandia, nyeusi, laini, akashona soksi ya kwanza, ndefu kama mkono wa mtu mzima, ikaubana waya sawasawa tangu kwenye sitaha hadi juu ya kile kikombe cha chuma ambamo waya unaingia. Aliishona palepale kwenye waya, mshono wa mfupa wa samaki, nyuzi zimetiwa nta, hata sindano haipiti kati ya kitundu na kitundu. Marehemu alipoiona alicheka mpaka akaketi. "Mashua yangu imevaa viatu na soksi," akawaambia watu benchini. "Zenu ziko peku!" Alitembea nazo hizo soksi mtaa mzima kwa mdomo.

Kisha ikaja ile siku, mwaka juzi. Upepo haukuwa mkali hata wa kuogofya. Walikuwa wawili, marehemu na fundi, wanarudi. Waya wa kushoto ukakatika. Mlingoti haukuwa na wa kuushika tena upande huo, ukaanguka, ukampata marehemu. Fundi alikutwa amemkumbatia ndani ya mashua iliyojaa maji, na hakutaka kumwachia hata baada ya kuambiwa kwamba sasa ni maiti.

Siku ya mazishi mtu mmoja aliuliza kwa sauti swali ambalo kila mtu alikuwa nalo: waya unakatikaje wenyewe? Fundi akajibu, "Vyuma ni kazi yangu." Basi. Hakuongeza, hakupunguza. Watu wakayapeleka maneno hayo nyumbani, wakayapika, yakaiva: hakuosha. Alizembea. Alikuwa anajifanya kung'arisha tu. Ng'arisha akazikwa siku ile ile na rafiki yake, akafufuka Kutu.

Na Mama Sindano? Ukifiwa na mtu bila wa kumlaumu, unamlaumu Mungu, na huyo hana mlango wa kugonga. Yeye alikuwa na mlango, jirani kabisa. Chuki ile ilimsimamisha. Ilimwamsha asubuhi, ilimvusha jioni. Wapo waliomshauri aiachie, naye akawauliza: "Nikiiachia, nitashika nini?"

*

Binti yake alirudi kabla ya saa sita kuchukua kopo la rangi. Tangu utotoni walimwita Nahodha, na safari hii halikuwa tena jina la mzaha: alikuwa na cheti, na siku ya Jumamosi mashua ya baba yake ingeteremshwa majini aanze kubebea abiria. Kwa kuwa mama alikataa katakata Kutu asiguse hata msumari, Nahodha alimleta fundi mwingine kutoka ng'ambo ya bandari. Huyo akasimamisha mlingoti mpya, akafunga waya mpya kushoto na nyuma. Wa kulia akauacha. Aliutikisa, akauona umevaa soksi yake safi ya zamani, akasema huu bado mzima.

Nahodha aliokota vipande vya ngozi, akavigeuza-geuza.

"Kakata zote?"

"Zote mpya, nilizozivika zile nyaya mpya. Imebaki ile ya kulia, ya enzi za baba yako. Hakuiwahi, nilimkurupusha."

"Hakugusa tanga."

"Angegusa tanga ningempasua."

"Mama, sikia. Hakugusa tanga, hakugusa mota, hakuiba hata betri. Mtu mzima, ana watoto wa shule, anaruka ukuta kwa ajili ya soksi?"

"Chuki haina akili."

"Ya nani?"

Mama Sindano akamtazama kwa lile jicho ambalo wanangu na wanao wanalijua. Nahodha akainama kidogo, lakini hakunyamaza, damu ya baba ilikuwa nyingi mwilini mwake.

"Mimi ndiye nitakayekaa chini ya mlingoti huo, mama. Mtu akiniambia acha vyuma wazi, nataka kujua kwa nini. Hata kama mtu mwenyewe ni Kutu."

"Baba yako aliniamini mimi."

"Baba alikuamini kwa kila kitu," Nahodha alisema polepole, akachukua kopo lake, akaondoka.

Mama Sindano aliingia ndani. Akatoa kigoda, ngozi, nta, nyuzi, sindano zake za kushonea maturubai. Jumamosi haikuwa mbali, na soksi zingevaliwa Jumamosi, Kutu apende asipende.

Lakini vile vipande vya chini havikufaa kuchukulia kipimo. Kisu kilikuwa kimepita mshazari, ngozi imevutika. Kwa hiyo kilichobaki ni ile soksi ya kulia, ya kwanza kabisa, mama wa soksi zote. Angeifumua, ailaze mezani, aichore, kisha airudishe mahali pake.

Fundi wa vyuma angeikata. Mtoto angeichana. Mama Sindano hakuwahi hata siku moja kuikata kazi ya mkono wake, mshonaji hufumua. Alipanda ngazi na kile kisu chake kidogo chenye ncha kama ulimi wa nyoka, akaketi kwenye sitaha, miguu ikining'inia, akaanza kutoka juu. Uzi wa kwanza ukakatika kwa mlio mdogo. Wa pili. Alikuwa anafurahia, ukweli usemwe. Nyuzi zilikuwa bado imara, nta haijapauka. "Kazi hiyo," alijisemea. "Waje waone kazi."

Alipofika katikati aliona nyuzi zimebadilika rangi.

Alidhani ni kivuli. Akafumua mshono mmoja tena, na ngozi ikafunguka kwa chini kama mdomo, ikatema maji. Maji machache, mekundu, mazito kama chai iliyosahauliwa jikoni. Yalimwagikia gaunini. Yalikuwa na harufu, na harufu hiyo si ya bahari. Ilikuwa ya kitu kilichofungiwa.

Mashua ilikuwa nchi kavu tangu mwaka juzi. Mvua zilikuwa zimenyesha, jua limewaka, kila kitu pale uani kililowa kikakauka, kikalowa kikakauka. Ndani ya soksi tu ndiko hakukuwahi kukauka.

Aliimalizia kuifumua kwa vidole vilivyokuwa vizito sasa. Waya, ule waya mweupe wa stenlesi ambao wauzaji huapa hauna habari na kutu, juu ya soksi ulikuwa unang'aa kama jana. Ndani ya soksi ulikuwa wa kahawia. Pale ulipoingia kwenye kikombe cha chuma, nyuzi zake zilikuwa zimejikunja nje kama nywele. Aligusa mmoja. Ukabaki kidoleni. Akagusa mwingine, ukakatika bila hata kulia. Akaushika waya mzima kiganjani, akauvuta kidogo tu, kama unavyovuta mkono wa mtoto mvuke barabara. Ukatoka wote kwenye kikombe chake.

Mlingoti ulitikisika. Nyaya zilizobaki ziliushika.

Mama Sindano alikaa pale na mguu wa waya mkononi. Alitazama upande wa kushoto, palipokuwa na waya mpya. Waya wa zamani wa kushoto ulikuwa na soksi pia. Aliishona siku ile ile na hii, kwa uzi wa bonge lile lile, na akiwa anamwimbia mumewe aliyekuwa akimtania kutoka chini.

Hakulia. Kilio ni kwa jambo lililokuja kutoka nje.

*

Sasa, nisiseme kwamba alinyanyuka palepale akaenda. Angekuwa malaika, na malaika hawashoni maturubai.

Kwanza alifikiria hivi: waya wa kulia utabadilishwa. Atamwambia binti yake, "Badilisha na huo, kwa usalama," naye atabadilisha. Soksi hazitavalishwa tena. Atasema kachoka, macho yamefifia. Nahodha atakwenda majini salama na atarudi salama. Kutu atabaki Kutu, ameshazoea. Nani mwingine anajua? Wazo lilikuwa jepesi na lilimkalia vizuri, kama nguo uliyojishonea mwenyewe. Alilivaa kwa muda. Aliligeuza mbele na nyuma, akalitafutia kasoro, na kasoro haikuonekana kwa mtu aliyesimama nje.

Kisha akasikia, ng'ambo ya ukuta, sauti ya mpira wa maji. Fundi alikuwa anasuuza kitu. Hakuna mtu aliyekuwa akimpa kazi ya vyombo tena. Labda alikuwa anasuuza baiskeli za watoto. Maji yalikuwa yakipiga chuma, yakinyamaza, halafu kitambaa kikipita. Maji, kitambaa. Maji, kitambaa. Mkono ule ule wa siku zote.

Mtu kama yule aliachaje waya uliwe? Swali hilo alikuwa na haki ya kujiuliza tangu mwaka juzi. Hakujiuliza, kwa sababu alihitaji jibu alilokuwa nalo.

Akatoa simu, akampigia binti yake.

"Chombo hakiteremki Jumamosi," alisema.

"Kuna nini?"

"Waya wa kulia umeoza. Umetoka mkononi mwangu."

"Mwambie mtu asikae chini ya mlingoti," Nahodha akasema. "Mama, umeozaje?"

"Utaniuliza jioni, nitakujibu. Lakini wa kwanza kuambiwa si wewe."

Alishuka. Alivaa ndala zote mbili. Njia ya kwenda kwa jirani ilikuwa fupi ukipitia ule ukuta mfupi wa nyuma, wanawake wawili wanaweza kupeana kiberiti bila kunyoosha mkono. Mama Sindano alipita barabarani. Alipita mbele ya duka, mbele ya benchi, mbele ya roshani ya Redio, soksi iliyofumuliwa kwenye mkono mmoja na mguu wa waya kwenye mwingine, gauni lina doa jekundu tumboni.

"Mama Sindano!" Redio aliita. "Umeumia? Kakufanya nini tena yule?"

Alisimama. Watu wa benchini waliacha mazungumzo.

"Shuka uje uone vizuri," alisema. "Maana ukisikia kwa huko juu utakosea kutangaza."

Redio alishuka kweli, na taulo kichwani. Mama Sindano aliuinua waya. Alizungumza bila kupandisha sauti, na mara hii walinyamaza wote.

"Huu ulikuwa ndani ya soksi yangu. Na ule uliomwua mume wangu ulikuwa ndani ya soksi yangu. Chumvi iliingia, nikaifungia humo. Jirani alikuwa anaosha kila siku, na maji yake yalikuwa yanapita juu ya ngozi. Nilichokifunika mimi yeye angekioshaje? Mlinisikia nikimwita muuaji. Sasa mnisikie na hili."

Mzee mmoja wa benchini alikohoa. Mwingine akasema, "Lakini hukujua, mama."

"Sikujua. Na yeye mlimuuliza kama alijua au hakujua?"

Redio, kwa mara ya kwanza katika historia ya uchochoro ule, alikosa mawimbi. Mama Sindano akaendelea na safari.

*

Mama Pacha alikuwa mlangoni tayari. Nyumba hizi hazina siri. Kila neno la dukani alikuwa amelisikia. Alisimama katikati ya kizingiti, mikono kifuani, na hakusema karibu.

Ndani, mkeka ulikuwa umetandikwa, pacha wawili wa kike wenye sare za shule wamekaa na vijiko, baba yao akiwa anajifuta mikono. Fundi aliona waya. Akajua. Akatoka mpaka nyuma ya bega la mkewe.

"Ulijua," Mama Sindano alisema.

"Nilishuku," alisema fundi. "Stenlesi si dhahabu, shemeji. Inajilinda kwa hewa. Ikipata hewa na maji matamu inajiotesha ngozi yake yenyewe, nyembamba, huioni. Ukiivika, hewa inabaki nje, chumvi inabaki ndani. Nilimwambia ndugu yangu tuzivue."

"Akasemaje?"

Fundi alitazama chini. "Alisema, 'Mke wangu kazishona kwa mkono wake, leo mimi nizivue? Wewe osha kwa nje, inatosha.' Akacheka. Unamjua akicheka. Nami nikaosha kwa nje. Sikumlazimisha. Ndiyo maana nilisema vile siku ile. Sikusema uongo."

"Na ile soksi ya kushoto? Hawakuikuta."

"Niliikata palepale, tulipokuwa tunangoja watu. Nikaiachia majini. Nilikuwa nimemshika kwa mkono huu, nikakata kwa huu."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa umeshafiwa," alisema fundi. "Mtu wa namna hiyo haongezewi mzigo."

Mama Sindano aliiweka ile soksi kizingitini.

"Yeye hakuongezewa," Mama Pacha alisema, na sauti yake ilikuwa kavu kama msasa. "Sisi ndio tuliojaziwa. Hawa watoto wanaitwa Kutu Mkubwa na Kutu Mdogo shuleni. Mimi nikifika bombani, ndoo zinasogezwa. Nilikuwa namwambia kila siku, sema, sema. Ananijibu, atalala vipi? Wewe ulale! Mimi sijalala tangu mwaka juzi, na sikumzika mtu!"

"Najua."

"Hujui."

"Sijui," Mama Sindano alikubali. "Nimesema mbele ya watu kwa sababu nilisema mbele ya watu. Haitoshi. Sina kingine nilichokuja nacho." Alimgeukia fundi. "Binti yako Nahodha anakwenda majini. Nyaya zake uzitazame wewe, zote, hata hizo mpya. Mwambie cha kuacha wazi na cha kuosha. Mimi sitavika kitu."

"Nitamwambia," fundi alisema. "Aje jioni. Tanga lifunike, shemeji. Tanga linataka kufunikwa."

Hapo ndipo kilio kilipomjia, kwa hilo neno dogo la tanga, na hakutaka kukilia kwenye kizingiti cha watu aliowatesa. Akageuka. Ndala zilikuwa zimeshafika kwenye ngazi ya chini.

"Unakwenda wapi?" Mama Pacha aliuliza.

"Nyumbani."

"Nyumbani kuna nani saa hizi?"

Mama Sindano aliutazama mkono wake. Mkononi bado alikuwa kaushika ule waya, na kutu ilikuwa imemwingia hadi kwenye mistari ya viganja.

Uso wa Mama Pacha haukulainika; ni mwili tu uliosogea, ukaacha nafasi mlangoni. Mmoja wa pacha akasogea mkekani, akampisha mwenzake, akampisha na mgeni.

"Ndoo ya maji hiyo hapo," Mama Pacha alisema. "Weka chini hilo dude. Nawa mikono, uingie ule."